Ngoma Iliyocheka Mazikoni

"Ilicheka," Bi Odile akarudia. "Usiniletee habari za kulia. Mimi nimelala na mpiga ngoma kitanda kimoja toka nina kiuno, ngoma ikilia naijua. Hiyo ilicheka. Mume wangu kalala ndani ya gari la maiti, na ngoma yake mwenyewe iko nyuma inamcheka."

Kerwin Dugas alikuwa bado mlangoni, ngoma kaikumbatia tumboni kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwizi. Hajaambiwa ingia, hajaambiwa baki. Jasho linamshuka mgongoni, na lile toazi lililofungwa juu ya ngoma linamgusa kidevu kila akimeza mate. Na mate alikuwa anayameza sana. Kutoka pale aliona moja kwa moja mpaka jikoni, chumba nyuma ya chumba, na kule mwisho Bi Earline, wifi yake Bi Odile, kainamia sufuria la maharage mekundu. Jumatatu ni maharage, kuwe na msiba kusiwe na msiba.

"Ingia basi, unaniingizia nzi," Bi Odile akasema.

Akaingia. Akatafuta pa kuiweka ngoma, akaona kila kiti kina kitu cha marehemu: suti imetandazwa hapa, kofia ya bendi ile kule, viatu vimepangwa pamoja kama vinasubiri mtu. Akabaki kaishika.

Huyu Kerwin hakwenda pale kwa kupenda. Alitumwa. Kiongozi wa bendi, Raynard, alimwambia asubuhi ile kwa simu, kavukavu: "Bi Odile kasema uende na ngoma. Akikuruhusu ubaki nayo, Jumamosi tuko wote kwenye maziko ya mtoto wa Verna. Asipokuruhusu, kaka, mimi sina ngoma nyingine, wala sina mdomo wa kukuombea."

Maana ngoma ilikuwa ya Mzee Octave, marehemu mwenyewe. Bega lilipomwisha nguvu, Mzee Octave alimwita Kerwin uwanjani, akamvalisha mkanda shingoni kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Tembea nayo." Basi, maneno yakaishia hapo. Kampa? Kamwazima? Hakuna aliyeuliza, na sasa wa kuulizwa yuko chini ya udongo, kabaki mjane wake na ulimi wake.

"Haya, niambie," Bi Odile akasema, akakaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, shingo ndefu, akikaa unaona kama bado kasimama. "Niambie ilikuwaje."

"Bi Odile, ile siku hewa ilikuwa nzito. Unakumbuka. Mvua ilitaka kunyesha, ikawa haitaki. Ngozi ikipata unyevu inakuwa na mambo yake, inaweza ikajikaza..."

"Ngozi."

"Ndiyo mama."

"Ngozi ya mnyama gani hiyo?"

Kerwin akaiangalia ngoma kana kwamba itamsaidia kujibu. Nyeupe, inang'aa, haina hata nywele.

"Plastiki," akasema.

"Plastiki. Sasa plastiki ya wapi inayojua mvua? Au hii ya kwako ilichunwa ikiwa hai?"

Kule jikoni mwiko ukagonga sufuria mara moja, ukanyamaza. Bi Earline alikuwa anacheka na maharage yake. Kerwin akasikia masikio yanawaka moto. Alikuwa na miaka ishirini na saba, ana mtoto, ana ndevu, na kashikwa uongo kama mtoto aliyelamba sukari.

Na badala ya kuacha, akaongeza. Ndivyo uongo ulivyo, ukikubomokea mmoja unaukimbilia mwingine hata kama huo nao hauna paa.

"Na taulo la kuituliza sauti nalo lilianguka njiani, mama. Nilikuwa nimelifunga vizuri, sijui kamba ilikatikaje."

"Lilianguka wapi?" Sasa ni Bi Earline, kaja mpaka kwenye mlango wa katikati, mwiko mkononi. Alikuwa dada yake Mzee Octave, mnene, anahema, na anayo ile sura ya kaka yake kabisa, mpaka Kerwin akashindwa kumtazama. "Mimi nilikuwa nyuma yako njia nzima na macho yangu mawili. Kilichoanguka pale ni adabu. Taulo sikuliona."

"Wifi, muache amalize," Bi Odile akasema.

"Amalize nini? Hajaanza."

Sasa, mambo yenyewe yalikuwa hivi. Siku ya kumzika mtu wa bendi, kutoka kanisani mnatembea polepole, hatua na kusimama, hatua na kusimama, tarumbeta zinaimba wimbo wa huzuni, na ngoma kubwa inabeba wote kwa sauti ya chini, nzito, fupi, kama mtu anayepiga kifua chake mwenyewe. Mnakwenda hivyo mpaka penye kumwachia. Hapo gari la maiti linapita kwenda makaburini peke yake na familia, anayeongoza msafara anarudisha kofia kichwani, na ndipo ngoma inafunguka na watu wanacheza, maana marehemu kashaachiwa, kashapumzika. Kabla ya hapo hakuna anayechezesha hata bega. Kila mtu anajua.

Lakini miguu haina macho. Miguu inafuata ngoma.

Na ngoma ya Kerwin siku ile, toka nje ya kanisa, haikuwa inasema *duu*. Ilikuwa inasema *pa*. Kali, ya juu, inang'ata. Alijaribu kuipiga kidogokidogo. Wapi. Ngoma iliyokazwa ukiipiga taratibu ni kama mtu anayecheka huku kaziba mdomo, ndiyo kwanza watu wanageuka. Wakavuka barabara ya kwanza, wakavuka ya pili, na pale karibu na duka la kuku, binamu yake marehemu anayeitwa Mooney, mtu ambaye toka azaliwe miguu imemtangulia akili, akafungua mwavuli. Akaanza kuzunguka nao. Walioko nyuma, wasioona mbele, wakasikia *pa*, wakaona mwavuli, wakatoa leso wakazipeperusha.

Gari la maiti liko palepale, halizidi hata hatua ishirini mbele yao.

"Unajua mimi nilifanya nini?" Bi Odile akamuuliza.

Kerwin alijua. Kila mtu alijua. Alitikisa kichwa kwamba hajui, kwa sababu hakutaka kuwa mtu anayejua.

"Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Nasali. Nikasikia ngoma hiyo, nikainua macho, naona mwavuli wa Mooney uko hewani. Nikasema, Bwana, wamemwachia. Wamemwachia Octave na mimi sijamuaga. Nikakimbia." Akajisafisha koo. "Nikakimbia katikati ya barabara, na viatu vile. Mimi. Nikaenda nikagonga kioo cha gari kwa viganja, nalia, nasema ngoja, ngoja, ngoja. Na dereva ananitazama. Na gari limesimama wala haliendi popote, mwanangu. Nilikuwa naligonga gari lililosimama."

Kerwin alikuwa ameliona hilo. Alikuwa kaona mgongo wa yule mama na kofia yake nyeusi imelala upande, kaona Mzee Clovis aliyekuwa anaongoza msafara, kofia kifuani, anageuka nyuma na kumtazama yeye, si Mooney, yeye. Na kasikia kijana mmoja pembeni anacheka, si cheko la ubaya, cheko la mtu aliyeshtuka. Na yeye Kerwin aliendelea kupiga. Hilo ndilo lililokuwa linamwamsha usiku. Mikono iliendelea kupiga kwa sababu kuacha kungekuwa kukubali.

"Wakaja wakanishika wakanirudisha," Bi Odile akaendelea. "Tukatembea tena. Tulipofika penyewe, pale pa kumwachia kweli, mimi sikuwa na kitu. Nilikuwa nimeshamaliza. Nikamtazama anaondoka kama natazama basi la watu wengine."

Feni ya darini ikazunguka. Bi Earline akafuta macho kwa mkono wenye mwiko, akajipaka mchuzi shavuni, hakujali.

"Mama," Kerwin akasema, "mimi naweza kuiweka sawa. Naijua. Nikuonyeshe."

Hata yeye hakujua kwa nini kasema hivyo. Alihisi tu kwamba mdomo umemfikisha mwisho wa njia, na kilichobaki ni mikono. Mikono yake haijawahi kumwangusha. Moyoni akajiambia: akisikia jinsi ninavyoweza, atalainika. Ataniachia ngoma. Akajiona tayari Jumamosi, mkanda shingoni.

Bi Odile akasema, "Haya. Nionyeshe."

Akaziondoa nguo za marehemu kwenye viti viwili mwenyewe, taratibu, akaviweka viti uso kwa uso. Kerwin akalifungua toazi akaliweka pembeni, akailaza ngoma juu ya viti, uso juu. Akatoa mfukoni ufunguo wa boliti.

Kwanza akalegeza. Boliti zote, moja baada ya nyingine, mpaka uso wa ngoma ukajikunja kama ngozi ya juu ya maziwa. Akaweka kiganja katikati akakandamiza, ile plastiki ikalia kidogo ikikaa sawa mahali pake. Halafu akaanza kukaza kwa vidole tu, kisha kwa ufunguo, nusu mzunguko, na kila akikaza ya huku anakwenda ya upande wa pili inayotazamana nayo, hazunguki kama saa, anavuka, anavuka. Ukizifuata kwa mduara ngoma inavutwa upande mmoja na inakuwa na sauti mbili kama mnafiki. Akainama, sikio karibu, anagonga kwa kidole mbele ya kila boliti. *Tum. Tum. Tam.* Ile ya *tam* akairudisha nyuma kidogo. *Tum.*

Hapo Kerwin alikuwa mtu mwingine. Mabega yalishuka, pumzi ikakaa. Hata aibu ilimwondoka kwa muda, akawa anaongea kwa sauti ya kazini.

"Unashuka mpaka pale inapotaka kupwaya, ila haipwayi. Ukipita hapo inakuwa kama kupiga godoro. Huku nyuma unakaza zaidi kidogo kuliko mbele, ili sauti itoke ila isikae. Bi Earline, naomba taulo. Lolote la jikoni."

Bi Earline akamrushia moja, lina doa la mchuzi. Kerwin akalikunja kwa urefu, akapitisha kamba kwenye boliti mbili, akalilaza taulo juu ya uso wa ngoma, chini ya katikati, sio kuziba, ni kuegemea tu, kama mkono juu ya bega la mtu. Akafunga fundo linalofunguka kwa kuvutwa, ili ukifika penye kumwachia unalivuta tu na ngoma inapumua.

Akavaa mkanda, akasimama, akashika kirungu.

*Duu.*

Vikombe kabatini havikulia. Haikuwa sauti ya kufika masikioni, ilikuwa ya kufika kwenye sakafu kwanza, halafu kwenye magoti. Akangoja, kama alivyofundishwa, akangoja mpaka unadhani kasahau. *Duu.* Hatua na kusimama. Bi Odile kafumba macho. Bi Earline kauweka mwiko kifuani, hakujijua. *Duu.* Kerwin akapiga mzunguko mzima wa wimbo wa polepole, bila tarumbeta, na kila mmoja mle ndani alikuwa anazisikia tarumbeta.

Akamaliza. Akaliegemeza sikio lake kwenye kimya, akaona kimekaa vizuri. Akajiambia, nimepona.

Bi Odile akafumbua macho.

"Kwa hiyo unajua," akasema.

Akasema kwa upole kabisa. Ule upole ndio uliomfanya Kerwin aelewe.

"Mimi toka Jumamosi nimekutafutia udhuru," Bi Odile akasema. "Muulize Earline. Nimemwambia, labda mtoto hajui. Labda Octave alikufa hajamfundisha hilo. Nikamkasirikia marehemu, Mungu anisamehe, nikalala nimempa mgongo upande wake wa kitanda, mtu aliyekufa. Nikamwambia, mzee wewe, umempa mtoto ngoma hukumpa maneno yake, tazama sasa umeniaibisha. Kumbe alikupa yote. Hakubakiza."

"Mama..."

"Usingejua, ningekusamehe mlangoni pale."

Kerwin akavua mkanda, akaiweka ngoma sakafuni. Mikono ile iliyokuwa na akili sasa hivi ikawa haijui pa kwenda, akaishikanisha, akaiachanisha. Hakukuwa tena na uongo wa kukimbilia, na ajabu ni kwamba ukweli ulipotoka ulikuwa mdogo sana, hata haukulingana na maumivu yake.

"Niliikaza Ijumaa," akasema. "Kwa makusudi. Kuna watu wa bendi kubwa, ile inayosafiri mpaka ng'ambo. Waliniambia watasimama barabara ya Claiborne, chini ya daraja tunapopita tukicheza, wanisikie. Pale chini ya daraja ngoma ikiwa kali inapasua. Nikasema nikiilegeza kwa ajili ya ile sehemu ya mwanzo, nitakosa muda wa kuikaza. Nikasema sehemu ya huzuni ni fupi, nitaipiga kidogo tu, nani atajua."

"Sehemu ya huzuni," Bi Odile akasema, "ndiyo iliyokuwa ya Octave. Iliyobaki ilikuwa yenu."

"Na walikuja?" Bi Earline akauliza. "Hao wa ng'ambo?"

"Hawakuja."

Bi Earline akatoa cheko moja la puani, akageuka akarudi kwenye maharage. Kerwin angependa amtukane. Tusi unaweza kulirudisha hata kwa macho. Cheko lile alilibeba tu.

Bi Odile akainuka, akaanza kuirudisha suti kwenye kiti, akiinyoosha kola kwa vidole viwili.

"Jumamosi mnamzika mtoto wa Verna," akasema, mgongo kampa.

"Ndiyo mama."

"Mtoto wa Verna hajanikosea kitu. Wala Verna. Siwezi kumnyima mtu ngoma ya kumzikia kwa sababu yako. Utaipiga. Na utaipiga hivyohivyo ulivyoipiga hapa, kwa mtu ambaye hukumjua hata jina."

"Ndiyo mama. Nashu..."

"Usinishukuru. Nitakutapikia." Akageuka. "Ila leo inabaki hapa. Siku ya maziko usije kuichukua wewe. Mtume Raynard. Na ukimaliza, airudishe Raynard. Kila mara itakuwa hivyo. Barabarani piga, mimi sitakuzuia na sitasema na mtu. Mlangoni kwangu usisimame tena."

Kwa hiyo alipata alichokuja kutafuta, ukitazama vizuri. Nafasi yake kwenye bendi ilikuwa palepale. Raynard angeridhika. Lakini Kerwin alisimama mle ndani kama mtu aliyepigwa na kuambiwa asante, anatafuta pa kuweka uso wake na kila sehemu ina kitu cha mzee.

Mlango huu alikuwa anaingia bila kubisha. Jumatatu kama hii alikuwa anakula hapa, sahani kwenye mapaja, mzee anamfundisha kwa kijiko juu ya meza. Aliwaza kusema jambo hilo, akaona ni kuomba, akaacha.

"Bi Odile, samahani," akasema. Neno lilitoka dogo.

"Nimesikia."

Hakusema nimekusamehe, na Kerwin hakuuliza kama ni kitu kimoja.

Akaiegemeza ngoma ukutani, akahakikisha haitelezi. Akataka kulifungua taulo, Bi Odile akasema, "Liache." Akaliacha. Akaweka na ufunguo juu ya kabati, kwa ajili ya Raynard, halafu akakumbuka kwamba Raynard hajui kuutumia, akaona aibu hata kulisema.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Gaspard, tajiri yake wa gereji ya matairi. Hakutaka kuipokea pale, lakini ilikuwa inatetemeka kwa fujo kama nyuki kwenye chupa.

"Uko wapi wewe?" Sauti ya Gaspard ilisikika chumba kizima. "Gari la mkate limeingia shimoni hapa kwenye kona, matairi mawili yote yamekwenda, na mkate unakauka. Umefiwa tena?"

"Nakuja, bosi."

"Nenda," Bi Odile akasema. "Watu wana pancha zao."

Kule jikoni Bi Earline alikuwa anapakua. Sahani mbili. Kerwin alizihesabu bila kutaka, akapita, akausukuma mlango wa wavu, akaushika kwa mkono usijigonge nyuma yake. Akashuka ngazi, akachukua baiskeli yake kwenye uzio, akaenda kubadilisha matairi.